Naomba ushauri: chakula cha bata kimeadimika, vifaranga niwape nini?

Wakuu, salaam. Nina bata 14 hapa Kibaha, na vifaranga 9 wa wiki mbili. Duka ninalonunua chakula chao ni tupu tangu Jumatatu, kila nikienda naambiwa "kesho".

Wakubwa hawanisumbui: pumba, mashudu ya alizeti, mchicha wa kukatakata, na beseni la maji pembeni. Hofu yangu vifaranga. Nimepata chakula cha vifaranga wa kuku, lakini bata huhitaji niasini (vitamini B3) zaidi, wakiikosa miguu hulegea, na mmoja tangu jana anakaakaa tu. Nikiongeza dagaa wa kusaga itatosha? Au hamira? Jirani alinipa mahindi yenye ukungu, nikayafukia. Sumukuvu (sumu ya ukungu) na bata, hapana.