The East: filamu iliyogeuza udanganyifu wa jasusi kuwa hadithi ya mapenzi

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haihusu uigizaji, kwa sababu Brit Marling anaigiza vizuri kabisa katika The East, filamu ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Zal Batmanglij. Kinachonikera ni uamuzi wa watunzi kuhusu nani anastahili kuhurumiwa. (Ambaye hajaitazama aishie hapa, maana nitaugusa mwisho wake.)

Sarah ni jasusi wa kampuni binafsi inayolinda maslahi ya mashirika makubwa. Anatumwa kujipenyeza katika kikundi cha wanaharakati wenye msimamo mkali, ambao huwalipizia kisasi wakuu wa makampuni, kwa mfano kwa kuwanywesha vigogo wa kampuni ya dawa dawa yao wenyewe yenye madhara. Anampenda kiongozi wao, Benji, dhamiri inaanza kumsuta, na kuanzia hapo kila kitu kinapimwa kwa machozi yake. Hata kifo cha Izzy, binti aliyethubutu kumkabili baba yake mzazi, kinageuzwa kuwa tukio la kumkomaza Sarah. Sitaunyima sifa mlo ule wa pamoja, ambapo kila mtu amefungwa mikono na hawezi kula isipokuwa alishwe na jirani yake. Lakini watu waliomfundisha kulishana namna hiyo tunaachana nao bila kuelezwa usaliti ule uliwafanya nini.

Kibaya zaidi, mwishoni Benji anasema kwamba alijua tangu zamani kuwa Sarah ni jasusi. Kwa sentensi hiyo moja Sarah anasafishwa: kama mpenzi wake alijua, basi hakuna aliyedanganywa. Huo ni ujanja wa kitunzi, na ni ujanja wa kuudhi, kwa kuwa habari za kweli zilikuwa magazetini tangu Januari 2011. Mark Kennedy, askari polisi wa Uingereza, aliishi miongoni mwa watetezi wa mazingira kwa jina la Mark Stone kuanzia 2003 hadi 2010, akawa na uhusiano wa kimapenzi na wanawake ambao hawakujua lolote, mpaka mmoja wao alipoiona pasipoti yenye jina lake halisi. Julai 2011 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za wanaharakati 20 waliotaka kukifunga kituo cha umeme cha Ratcliffe-on-Soar, kwa sababu kanda alizorekodi Kennedy, ambazo zingewasaidia kujitetea, hazikukabidhiwa kwa mawakili wao. Novemba 2015 polisi wa London waliwaomba radhi hadharani wanawake saba waliodanganywa na askari wa aina hiyo, wakakubali kwamba mahusiano yale yalikuwa ya unyanyasaji na ya hila. Hakuna mwanamke hata mmoja kati yao aliyekuwa “anajua tangu zamani”.

Marekani nako, mwanaharakati wa mazingira Eric McDavid alihukumiwa kifungo cha karibu miaka 20 kutokana na kesi iliyojengwa juu ya kazi ya mwanamke aliyelipwa na FBI, ambaye McDavid alikuwa amempenda. Aliachiwa Januari 2015, baada ya kubainika kwamba nyaraka muhimu, zikiwemo barua zilizohusu mapenzi hayo, hazikuwafikia mawakili wake. Hapo taharuki ipo tele, na haihitaji jasusi mwenye moyo laini.

Najua wapo watakaoniambia kwamba hii ni burudani tu na nisiichukulie kwa uzito. Sawa, lakini burudani hiyo inajinadi kuwa inasema ukweli kuhusu wenye nguvu na wanyonge, kisha inamkabidhi hadithi nzima mtu aliyelipwa kudanganya. Anayeijua filamu inayomfuata aliyedanganywa, kuanzia siku anapogundua hadi anapofika mahakamani, naomba aitaje hapa chini, na tafadhali asinitajie nyingine ya jasusi anayelia mbele ya kioo.