Samli, nazi au alizeti: kipi kinafupisha maisha?

Wadau, kila tukigusa mafuta ya kula, upande wa samli huleta utafiti wa PURE wa mwaka 2017. Ulifuatilia watu zaidi ya 135,000 katika nchi 18, na waliokula mafuta mengi walikufa wachache kuliko waliojaza wanga. Upande wa alizeti nao huleta ule wa Chuo Kikuu cha Harvard wa 2016, wa wauguzi na watumishi wa afya wapatao 126,000 wa Marekani. Humo, asilimia 5 ya nishati ya siku ilipotoka kwenye mafuta ya aina ya alizeti, soya na samaki badala ya yale yanayoganda (kama ya samli, siagi na nyama), vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27.

Msimamo wangu: tafiti hizi hazigombani, tunaozigombanisha ni sisi. Kinachoamua ni kile kilichoingia sahanini baada ya mafuta kutoka. Ukiacha siagi ukaongeza mkate mweupe, sembe na soda, hujapata kitu. Ukiacha siagi ukala karanga, ufuta na dagaa, hapo ndipo tofauti inaonekana. Halafu, katika nchi maskini, anayeshiba wanga mtupu mara nyingi ni yule asiyemudu kingine, na umaskini wenyewe unaua.

Nakiri upande wa samli una hoja nzito. Jaribio la Minnesota, Marekani, lililoanza 1968 na kuchambuliwa upya 2016, lilionyesha mafuta ya mahindi yakishusha lehemu (kolesteroli) bila kupunguza vifo. Na uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za afya, ulikuta kwamba kupunguza mafuta yanayoganda kunapunguza maradhi ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 17, lakini idadi ya vifo haikusogea sana. Kwa hiyo anayeahidi kwamba alizeti itakuongezea miaka kumi anakudanganya. Ila aliyewahi kumuuguza mzazi aliyepooza upande mmoja anajua kwamba kuepuka kiharusi si jambo dogo hata kama kisingeua.

Sasa nazi, maana watu wa Pwani najua mnasubiri. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni yale yanayoganda, kuliko hata siagi. Watetezi hutaja visiwa vya Tokelau kule Pasifiki, ambako watu walipata zaidi ya nusu ya nishati yao kwenye nazi na maradhi ya moyo yakawa haba. Ni kweli, lakini walikula nazi yenyewe pamoja na samaki, sukari na unga mweupe vikiwa kidogo. Tui kwenye samaki au kunde silipigi vita. Ninachokipinga ni chupa ya mafuta ya nazi kuuzwa kama dawa ya moyo, wakati majaribio 16 yaliyojumlishwa mwaka 2020 yalionyesha yanapandisha lehemu mbaya kuliko mafuta kama ya alizeti.

Kuhusu mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni, yenye transi (aina ya mafuta mabaya kwa moyo), sioni cha kubishania. Denmark iliyawekea kikomo tangu 2003, na Shirika la Afya Duniani lilitaka yaondolewe duniani kote ifikapo 2023.

Anayenipinga alete utafiti, lakini aseme wazi: mafuta gani yaliondolewa, na nini kiliwekwa mahali pake?