Mto Mpiji unachimbwa mchanga mpaka njia imekatika, na kila upande unasema shimo si lake!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Tupo wanne, na kila Jumamosi ya kiangazi tunaendesha baiskeli kufuata mito yetu hii. Vuli ikishakatika na udongo ukakauka, tunatoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, tunashuka Mpiji Magoe, tunafuata Mto Mpiji, ambao ndio mpaka wa Dar es Salaam na Pwani, kwa vijia hadi Mabwepande, halafu Bunju, tunatokea darajani kwenye barabara ya Bagamoyo. Mwenye pumzi anaendelea hadi Bagamoyo kwenyewe, kaskazi ikimpiga usoni njia nzima, na jioni upepo huohuo unamsukuma mgongoni hadi nyumbani. Huu ni mwaka wetu wa saba. Ndiyo starehe yetu, haina kiingilio wala foleni. Saa kumi na mbili na nusu chini ya mikuyu bado kuna ubaridi, mdiria anachomoka kwenye matete na kutumbukia majini, na kina mama wanachota maji kwenye vishimo walivyofukua kwa mikono mchangani.

Sasa sikilizeni ya Jumamosi iliyopita.

Kabla hatujafika Mabwepande kuna kijia kinachopita juu ya ukingo. Wiki mbili nyuma tulikipita vizuri tu. Safari hii mwenzetu mdogo kuliko wote alikuwa mbele, akakata kona, njia haipo. Imeliwa. Alishika breki, baiskeli ikasimama, lakini ukingo wenyewe ulikuwa umechimbwa kwa chini na juu limebaki ganda la udongo. Ganda likakatika naye. Ameanguka kimo cha mtu mzima na zaidi. Mtulinga umevunjika, rimu la mbele limepinda na spoku zimechomoka. Bado nasikia sauti aliyoitoa.

Shimoni walikuwemo vijana na mabeleshi yao wanapakia tipa. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kumfikia, wakamfunga mkono kwa shati la mmoja wao. Nawashukuru, na hasira yangu haiwahusu, wanalipwa kwa tripu na wengine wana umri wa kuwa shuleni. Inamhusu yule bwana aliyekaa chini ya mkorosho na kitabu cha risiti mapajani. Hakusimama hata kuuliza mtu amekufa au mzima. Nilipomwuliza nani amewaruhusu kuchimba ukingo, akanijibu kwa ufupi: "Hapa ni Pwani, kaongee na watu wa Pwani."

Nikavuka. Kuvuka kwenyewe ni hatua kama ishirini, maji hayafiki magotini. Upande wa pili napo kuna shimo, lori na msimamizi. Huyo akaninyooshea kidole nilikotoka: "Shimo lenu liko Dar, mzee."

Jumatatu nikaenda ofisi moja ya upande wa huku. Nikaambiwa niandike barua, nakala ipelekwe ng'ambo, kwa sababu mto ni mpaka. Nimeandika. Lakini niulize jamani, mto kuwa mpaka ndiyo uwe hauna mwenyewe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haikusema mita 60 za upande wa Dar tu. Pale tulipo mita 60 hazipo, hata sita hazipo, wanachimba ukingo wenyewe!

Najua atatokea mtu hapa kusema mji unajengwa na mchanga lazima utoke mahali. Ni kweli, hata nyumba ninayolala ina mchanga wa mto ukutani. Ila kuna tofauti kati ya kuzoa mchanga uliolundikwa na mafuriko na kuubomoa ukingo. Ukichimba chini ya mto, maji ya masika yanapita kwa kasi zaidi na kina kinazidi kushuka, kingo zilizobaki zimening'inia zinaporomoka pamoja na mikuyu yake na shamba la mtu. Visima vya jirani navyo vinashuka, kwa sababu ule mchanga ndio uliokuwa ukishikilia maji wakati wa kiangazi. Vile vishimo vya kina mama nilivyovitaja, mwaka huu nimeviona viwili tu. Vingine vimekuwa barabara ya malori.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ni Mabwepande. Wengine hapa mtakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wakaondolewa bonde la Msimbazi na kuletwa huku wapate usalama. Mtu umemhamisha kutoka mto mmoja, halafu unauachia mto wa pili uchimbwe jirani yake?

Ninachotaka ni hiki. Mwenye kujua kama bikoni (vigingi vya mpaka) za mita 60 zimewahi kuwekwa kuanzia Mpiji Magoe kushuka, aniambie ziko wapi, nitaenda kuzitafuta mwenyewe. Mwenye uzoefu wa kufungua malalamiko kwenye mto wa mpakani anielekeze mlango, maana mimi nimechoka kurushwa ng'ambo hadi ng'ambo. Na waendesha baiskeli wote mnaopita kule, msikikaribie kile kijia alfajiri. Ukiwa unatoka Magoe, ukishauona mkorosho mmoja mkubwa kulia na alama za matairi ya lori, shuka, sukuma baiskeli kwa mkono. Ukingo unaonekana mzima ukiwa juu yake. Si mzima.