Wakuu, fomu inaandika "Umesajiliwa" hata seva ikigoma. Naombeni ushauri

kijana_wa_fomu: Habari za humu. Nina fomu ya kusajili wanafunzi, inatuma kwa fetch (amri ya JavaScript ya kuongea na seva) bila ukurasa kupakia upya. Seva inarudisha 500 (namba ya hitilafu ya seva) lakini mzazi anaona "Umesajiliwa". .catch yangu, ile ya kudaka makosa, hata haiguswi. Usingizi sina.

Mzee_wa_Mabano: Ndivyo fetch ilivyo, mkuu. .catch inaitwa mtandao ukikatika au brauza ikizuia ombi. 404 (ukurasa haupo) na 500 kwake ni majibu tu. Kagua mwenyewe: `if (!res.ok) throw new Error(res.status)`. ok ni kweli kwa 200 hadi 299 basi.

bibi_ajax: Sisi tulisubiri readyState ifike 4, yaani jibu limekamilika, ndipo tutazame status. Nilikesha na XMLHttpRequest, njia ya kabla ya fetch, mume akadhani nina mtu. Vijana mnanakili tu, hamsomi.

kijana_wa_fomu: Nimeweka res.ok, bado.

Mzee_wa_Mabano: Lete faili la PHP la kwenye seva.

kijana_wa_fomu: Sidhani kama shida iko huko...

Mzee_wa_Mabano: Lete.

kijana_wa_fomu: Haya. Ikishindikana ina `echo "kosa";`. Ikikubali, `echo "Karibu ".$jina;`. Kwenye JS: `if (jibu == "kosa")` onyesha kosa, `else` Umesajiliwa.

Mzee_wa_Mabano: Umeficha mgonjwa, unatuletea cheti! Hiyo inarudi na 200, yaani "imefaulu". Na faili la config likiwa na mistari mitupu baada ya `?>` ya kufunga PHP, jibu linakuja na nafasi mbele, si sawa tena na "kosa", linaangukia else. Futa hiyo `?>`. Kisha weka `http_response_code(422)`, namba ya kukataa data, na json_encode ya kutuma jibu kama JSON.

kijana_wa_fomu: Seva siigusi, app ya simu inasoma hilohilo neno. Nimeshaamua kutumia `jibu.includes("kosa")`, itafute neno hilo popote ndani ya jibu.

dada_konsoli: Akisajiliwa mtoto wa Mkosamali je? 😂

mla_kashata: Ngoja. Mwanzo 500, sasa 200. Hii chai.

kijana_wa_fomu: 500 niliiona kwenye kompyuta yangu, mkuu. Ya mteja iko hewani, wazazi wanalipa.

bibi_ajax: Wanalipa?! Hukusema.

mla_kashata: Picha ya Network ya brauza, ile orodha ya maombi, tuone status.

kijana_wa_fomu: Niko kwenye daladala, nikifika.

mla_kashata: Chai imeiva. Wenye vitumbua sogeeni.

dada_konsoli: Mimi nauliza tu, Mkosamali amesajiliwa au bado?