Mhudumu wa kuuguza mgonjwa nyumbani: nimpime vipi kabla ya kumpa kazi?

Mtoto wa Mama
Wakuu, habari zenu. Mama amepata kiharusi. Upande wa kulia umelegea, anameza kwa shida na muda mwingi yuko kitandani. Tunatafuta mhudumu wa kushinda naye. Kila anayekuja anasema ni mpole na mvumilivu, na barua za sifa zote zinafanana. Wenye ujuzi, nisaidieni: anayeijua kazi hii hasa nitamtambua kwa lipi? Nimwulize nini, nimtazame akifanya nini?

Muuguzi Mstaafu
Pole kwa kuuguza, mkuu. Maneno yaache, mpe kazi ya nusu saa ukiwa umesimama pembeni, mama naye akiwa ameridhia. Mwambie amgeuze kutoka chali kwenda ubavu. Anayejua ataanza kwa kunawa mikono, atamweleza mgonjwa anachotaka kufanya, kisha atamsogeza kwa shuka iliyokunjwa na kutandikwa chini ya kiuno na mapaja. Asiyejua atamburuta. Kuburuta kunachuna ngozi ya makalio, na kidonda cha kulalia huanzia hapo hapo.

Halafu tazama mito. Akimlaza ubavu kabisa, uzito wote unakaa juu ya mfupa wa nyonga. Inatosha ainame nyuzi 30 hivi, mto ukimwegemeza mgongoni, mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Visigino vinasahaulika sana! Muulize pia atamgeuza tena lini. Kwa kawaida ni kila baada ya saa 2 akiwa kitandani, isipokuwa daktari aseme vingine. Akiwa kwenye kiti ni mapema zaidi, kila dakika 15 hadi 30 ahamishiwe uzito, kwa sababu makalio yanabeba karibu mwili mzima.

Swali langu la mwisho kwa mhudumu yeyote ni hili: ukikuta ngozi juu ya mfupa imebadilika rangi, utafanyaje? Wengi watasema watapaka mafuta na kukanda. Hapana. Nyama ya hapo imeshakosa damu, na kukanda kunaiumiza zaidi. Anatakiwa abonyeze kwa kidole kisha aachie. Rangi isipofifia, jeraha limeanza: mgonjwa asilalie tena sehemu hiyo na muuguzi ajulishwe siku hiyo hiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mjuzi hupapasa. Je, pana joto au ubaridi kuliko pembeni yake? Pamekuwa pagumu, au pamelainika kupita kiasi? Anayekujibu hivyo bila kuwaza, usimwache aondoke.

Fundi wa Viungo
Mwenzangu amemaliza habari ya ngozi, mimi naingia kwenye ule upande wa kulia. Ukimwona anamnyanyua kwa kumshika makwapani au kumvuta mkono, mshukuru na umwage. Misuli iliyolegea haishikilii bega, kiungo kinashuka kutoka mahali pake, na maumivu yake hudumu kwa miezi.

Kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu kuna utaratibu wake. Kiti kikae upande wenye nguvu, kwa mama ni kushoto, kikiwa kimeelekezwa kitandani kwa mshazari. Breki zifungwe, vikanyagio viondolewe. Mgonjwa asogee hadi ukingoni, nyayo zikanyage sakafu, ainame mbele mpaka pua iwe usawa wa vidole vya miguu. Hapo makalio yanainuka kwa wepesi. Mhudumu anamshika kwa mkanda wa kiunoni, analizuia goti dhaifu kwa goti lake, na wanahesabu pamoja kabla ya kuinuka. Breki ndizo zinazoangusha watu wengi, kwa hiyo tazama kama amezigusa kabla hujamkumbusha.

Na nguo: kuvalisha kunaanza na mkono mlegevu, kuvua kunaanza na ule mzima. Swali dogo, lakini linamfichua mtu haraka.

Jirani wa Wagonjwa
Mbinu hizo zinafundishika. Mimi ningetazama zaidi jinsi anavyolisha, maana hapo ustadi na tabia vinaonekana kwa pamoja. Mtu mwenye haraka hawezi kumlisha mwenye shida ya kumeza. Mgonjwa aketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo kiingie upande wenye nguvu, na kijiko cha pili kisubiri mpaka koo lionekane limepanda na kushuka. Akimaliza, shavu la upande uliolegea likaguliwe, chakula hujificha humo. Kinywa kisafishwe, na abaki ameketi dakika 30 hivi. Sauti ikiwa kama ina maji ndani, au akikohoa kila anywapo, mhudumu asimamishe kulisha na atoe taarifa. Chakula kinachoingia kwenye njia ya hewa huleta nimonia, na wakati mwingine mgonjwa hakohoi kabisa. Uzito wa uji na vinywaji apange mtaalamu wa kumeza, si mhudumu.

Mtoto wa Mama
Asanteni sana, Mungu awabariki. Na dawa je? Mama wakati mwingine anazikataa.

Muuguzi Mstaafu
Mwulize hivyo hivyo: mama akikataa, utafanyaje? Akisema atamlazimisha, au atazificha kwenye chakula kimya kimya, hafai. Jibu zuri ni kumwuliza sababu, kumpa nafasi, kujaribu tena baadaye kidogo, kisha kuandika na kukupigia. Asisage kidonge bila kumwuliza mfamasia, kwa sababu vipo vilivyotengenezwa viachie dawa polepole, na ukivisaga inaingia mwilini yote kwa mpigo. Dozi ikipitwa, asiongeze maradufu ijayo.

Muwekee daftari: saa aliyogeuzwa, alichokula na kunywa, mkojo na rangi yake, choo, dawa na hali ya ngozi. Siku za kwanza lisome kila jioni. Likiwa limejazwa kwa wino mmoja na saa zimepangika mno, 8:00, 10:00, 12:00, ujue huenda ameandika yote kwa mara moja.

Halafu mpe mambo ya kukupigia papo hapo, uyabandike ukutani: uso kupinda upya, maneno kupotea, mkono kuishiwa nguvu ghafla, kuchanganyikiwa kulikoanza leo, homa, kupumua kwa shida. Akianguka, asimwinue kwanza. Mguu ukionekana mfupi na umegeukia nje, nyonga inaweza kuwa imevunjika, amwache alale hapo hapo, amfunike na aite msaada.