Kimara usiku hakulaliki, na msituambie tena "mtazoea"

Wakuu, sasa hivi ni saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Nimelala saa tano, nimeshaamshwa mara tatu, na safari hii sirudi kitandani. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe lugha ikiwa kali.

Naishi Kimara, kando ya Morogoro Road. Najua kuna mtu keshaanza kuandika "ulijenga barabarani mwenyewe, unalalamika nini", kwa hiyo ngoja nimjibu kabisa. Nyumba yetu ilikuwa safu ya tatu kutoka barabarani. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa mbele yetu zilibomolewa kupisha upanuzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha. Sisi hatukuguswa, na kila mtu akatuambia tumshukuru Mungu. Zile kuta za majirani zilizokuwa zinameza sauti zikaondoka, miembe ikaondoka, lami ikasogea. Hatukuhama hata hatua moja, tukajikuta tuko barabarani.

Barabara siipingi. Naitumia kila siku na foleni imepungua kweli. Tangu mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa kusafiri saa 24 mwaka 2023, hata ndugu zangu wa Mbeya wamenufaika. Lakini zile saa za kati ya saba na kumi usiku, ambazo zamani walau masikio yalipumzika kidogo, sasa zimejaa. Na kinachotuamsha si matairi. Ni dereva wa basi anayepiga honi ya upepo saa nane usiku, barabara nyeupe, kumsalimia mwenzake wa upande wa pili. Ni bodaboda aliyetoboa eksozi kwa makusudi ili pikipiki isikike kubwa. Ni malori yenye tela tupu.

Hayo ya tela tupu nataka niyaeleze, maana asiyelala hapa hawezi kuelewa. Kama mita thelathini kutoka dirishani kwangu kuna rasta, vile vituta vidogo vya kupunguza mwendo vilivyopangwa kukatiza barabara. Tela lililobeba mzigo linapita kwa mngurumo mzito, unasikia tu kitanda kikitetemeka. Tupu ndilo balaa. Kwanza dereva anakamata breki ya injini, inatoa ule mlio wa kupasuapasua. Halafu ekseli zinapanda kwenye rasta moja baada ya nyingine na bodi nzima inagongana chuma kwa chuma, ga-ga-ga-gam. Kisha inakuja zamu ya luva. Dirisha la chumba cha mama lina luva mbili zilizolegea kwenye fremu, zinaendelea kulia kri-kri-kri kwa sekunde kadhaa baada ya lori kupita. Mama amezichomeka kipande cha boksi la dawa ya meno. Ana miaka 67 na mgonjwa wa presha, usiku anapanda kwenye stuli kuchomeka boksi dirishani ili alale.

Sasa turudi kwenye hilo neno "mtazoea". Jirani ananiambia, mjumbe ananiambia, hata shemeji yangu aliyekuja wiki moja tu ananiambia. Nimekuwa nikisoma jambo hili miezi kadhaa, na neno hilo ni la uongo. Akili inaweza kuzoea kiasi kwamba hukumbuki asubuhi kuwa ulishtuka. Mwili hauzoei.

Jicho unalifumba, sikio halifumbiki. Ukiwa umelala linaendelea kupeleka sauti kwenye ubongo, na ubongo unaipima kama ni hatari. Sauti ya ghafla ikija, mishipa ya fahamu inaamrisha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini. Moyo unakwenda mbio, mishipa ya damu inabana, presha inapanda. Ikiendelea, inakuja kotisoli, homoni ya msongo. Kwa kawaida kotisoli hushuka chini kabisa mnamo usiku wa manane, kisha hupanda polepole kuelekea alfajiri ili ikuamshe. Mwili una ratiba yake ya usiku, na hao wenye honi wanaivuruga wakati ambao ungepaswa kuwa unajikarabati.

Wapo watafiti wa Ulaya waliolala na jambo hili. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya watu 140 wanaoishi karibu na viwanja vya ndege katika miji minne, waliofungwa vipimo vya presha usiku kucha wakiwa majumbani kwao. Kila kelele ilipozidi desibeli 35 chumbani, presha ilipanda, kwa ndege namba ya juu ilipanda kwa wastani wa zaidi ya 6, hata kama mtu hakuamka. Na magari ya barabarani yalifanya hivyo hivyo. Katika mradi huo huo, wanawake waliokuwa wakiishi kwenye kelele za ndege za zaidi ya desibeli 60 walikutwa na kotisoli ya asubuhi iliyo juu kuliko wenzao wa sehemu tulivu. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana, nasema ukweli ili mtu asije kunishika hapo. Kule Mainz, Ujerumani, mwaka 2013 walichukua watu 75 wenye afya njema, wakawapigia usiku sauti za ndege zilizorekodiwa. Adrenalini ilipanda na mishipa yao ya damu ikawa haitanuki sawasawa. Watu wazima kabisa, wazima wa afya, usiku mmoja tu!

Mimi sasa ni mwaka wa saba.

Mwezi wa nne nilipima presha duka la dawa, ikaja 151 kwa 96. Nina miaka 41. Nikaenda hospitali, nikaulizwa kuhusu chumvi, soda, pombe, ukoo. Yote nilijibu. Hakuna aliyeniuliza nalala wapi. Nikasema mwenyewe, "daktari, silali, magari", akatikisa kichwa akaandika dawa.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Ulaya wa 2018, linataka kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45 nje ya nyumba. Nimepima kwa programu ya simu pale dirishani. Najua simu si kipimo cha kitaalamu, lakini haiwezi kukosea kwa kiasi hiki: magari yakiwa machache ni 58, honi ya basi ikipigwa inaruka hadi 84. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi.

Mtaniambia nifunge dirisha. Dar es Salaam hii, Februari, chumba cha bati bila dari ya maana, umeme umekatika, feni imesimama, nifunge dirisha? Kwanza nifunge nini, luva na nyavu ya mbu? Vile vioo viwili viwili vya Ulaya ni vya watu wenye baridi. Huku dirisha lipo ili hewa ipite, na hewa inapopita na kelele inapita.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ni za 2015. Nimekwenda nazo ofisini zimechapishwa. Ofisi ya kwanza wakasema hilo ni la watu wa usalama barabarani. Wa pili wakasema ni la watu wa mazingira. Wa tatu akaniuliza, "kwani ni baa?" Nikasema hapana, ni honi. Akasema wao wanashughulika na baa na makanisa. Yaani spika ya kanisa ina mwenyewe, honi inayoamsha mtaa mzima haina.

Na ninachoomba hakihitaji mkopo wa benki yoyote. Honi za upepo zipigwe marufuku kwenye makazi kuanzia saa nne usiku na zikamatwe kweli. Bodaboda mwenye eksozi iliyotobolewa ashushwe aibadilishe hapo hapo. Hizo rasta zisogezwe mbele kama mita mia mbili, ambako upande mmoja ni ukuta wa ghala na hakuna anayelala.

Jumamosi saa nne asubuhi nakwenda serikali ya mtaa na daftari. Kwa wiki tatu nimeandika kila honi iliyoniamsha, saa na dakika. Wa Kimara, Mbezi, Kibamba, na nyie wa Mandela Road mnaolala na malori ya bandarini, anzeni leo kuandika yenu hapa chini: mtaa, saa, na kilichowaamsha. Nitachapisha yote niyapeleke pamoja na yangu.

Naanza mimi. Kimara, saa tisa na dakika thelathini na saba, tela tupu. Mama ameamka tena.