Tupeane uzoefu: jikoni kwako kukoje kweli saa moja jioni?

Habari za jioni wapendwa. Mdogo wangu kaolewa juzijuzi, anaishi Tabata, na kila akifikiria wakwe watakuja kula, roho haitulii. Chanzo ni zile picha za kwenye simu: wali umegeuzwa kwa bakuli ukasimama, karoti imechongwa ua, sahani nyeupe haina hata tone la mchuzi. Yeye ana jiko la gesi la plate moja na la mkaa barazani, na umeme wa LUKU ukiisha anamulikia sufuria kwa tochi ya simu. Nimekula chakula chake, ni kitamu. Inaniuma binti kuona aibu kwa tembele lililoiva vizuri. Naomba mtueleze ya kwenu bila kupamba.

Wa Mbagala: Pole yake. Kwangu ni wali wa nazi. Natangulia na tui jepesi, tui zito linaingia mchele ukikaribia kuiva. Maji yakikauka nafunika, napalia makaa juu ya mfuniko. Majivu yanamwagika sakafuni, mfuniko wenyewe umeshakuwa mweusi tii. Ukifunua, chini kuna ukoko wa kahawia unanukia nazi, watoto wanagombania kukwangua. Sijaona mtu akipiga picha ukoko, ila nyumbani kwangu ndio unaoisha kwanza.

Wa Sinza: Niliwahi kumshikia taa mpiga picha wa vyakula. Mchicha unatumbukizwa kwenye maji ya moto na kutolewa haujaiva, ili ubaki kijani. Nyama inapakwa mafuta kwa brashi ing'ae. Mpaka picha ipatikane, mafuta ya mchuzi yameganda juu na kila kitu kimepoa. Kile kilipikwa kitazamwe. Mdogo wako anapikia watu wenye njaa, kwa nini ajipime nacho?

Wa Buguruni: Hilo la mchicha ni kweli kabisa. Majani yakikaa motoni na nyanya au ndimu, ile asidi inayaondolea ukijani. Tembele la nazi likiiva linafifia rangi, ndivyo lilivyo.

Wa Kigamboni: Kwenye picha ni changu mzima kalala na vipande vya ndimu. Mimi navuka na pantoni asubuhi, napitia soko la samaki la Feri, mara nyingi narudi na vibua kwa sababu ndio naowamudu. Nawapasua mwenyewe uani kwenye beseni, nawakata vipande ili kila mtu apate. Cha mtoto mdogo nakichambua kwa vidole, natoa mwiba mmojammoja, nyama yote inavurugika. Akimaliza ananyoosha mkono anataka tena. Sahani hiyo siibadilishi na yoyote.

Wa Ukonga: Nijibu hilo la wakwe, maana limenigusa. Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza nilimpikia ugali na mlenda. Mlenda haupambiki, unavutika kutoka bakulini mpaka mdomoni. Alikula, akaomba aongezewe, kisha akaniuliza magadi yangu nanunua wapi. Dada, hao wakwe ni watu wa mkoa gani? Kama ni Dodoma au Singida, mwambie karoti aziache sokoni, atafute mlenda mzuri.